Mama Bado Anasali

Bibi harusi mtarajiwa alikuwa amesimama juu ya stuli, mikono ameinyanyua kama mtu aliyekamatwa na polisi. Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti chini yake, anapandisha pindo la gauni jeupe, pini zimejaa mdomoni. Ndipo yule binti akainama na kuuliza kwa nia njema kabisa, "Na wewe dada, lako utalishona lini?"

Fundi nusura ameze pini.

"Mama bado anasali," akajibu, baada ya kuzitema zote kiganjani.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Simama wima, pindo linakwenda upande."

Jibu hilo alikuwa akiwapa watu tangu mwaka jana. Mwanzoni walimwitikia amina kwa furaha. Siku hizi walikohoa kidogo na kubadilisha mazungumzo, na binti huyu wa watu, mwenye raha zake, alimtazama kwa huruma iliyomchoma kuliko pini zote za chumba kile.

Mtaani walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa na ncha. Lakini mchana ule haukuchoma mtu. Alimaliza pindo, akamsindikiza mteja mpaka mlangoni, akamtakia heri kwa sauti ya uchangamfu, kisha akarudi kukaa mbele ya cherehani na kushika tama.

Alikuwa amependa. Hilo alishaacha kulificha. Alimpenda seremala mwenye karakana nyuma ya kanisa, mwanaume mrefu mwenye maneno machache, ambaye wateja walimpachika jina la Taratibu kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumharakisha akafanikiwa. Mwaka jana Taratibu alivaa shati lake jeupe, akaja nyumbani na mchungaji na mjomba wake, akaketi kwenye kochi la mama mtu na kusema kilichomleta. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akawaongezea chai, kisha akatamka maneno ambayo Sindano sasa aliyajua kuliko jina lake mwenyewe: "Nimewasikia. Nitasali kwanza. Nikipata jibu nitawaambia."

Mchungaji akafunga kwa maombi. Wageni wakaaga. Na tangu siku hiyo, kimya. Sindano akiuliza, "Mama, vipi lile jibu?" mama alikuwa anakunja uso na kusema, "Bado nasali," kisha anauliza kama mlango wa jikoni umefungwa.

Yote hayo angeweza kuyameza. Kilichomkaba ni habari ya juzi. Mama alitangaza, huku akimenya viazi kana kwamba anasema habari za mvua, kwamba Jumapili hii, baada ya mabenchi mapya ya kanisa kuwekwa wakfu, mwenye duka la dawa angekuja kula chakula cha mchana nyumbani. Na wazee wake.

"Wazee wake wanakuja kufanya nini, Mama?"

"Kula."

"Watu wazima watatu wamekosa chakula kwao?"

"Wewe mtoto, ulimi wako huo ndio utakaokuzeesha hapa ndani."

Sindano alisimama, akafunika cherehani, akachukua mkoba. Leo ni leo. Ama seremala amchukue, ama amwache, lakini Jumapili haitamkuta amekaa katikati.

*

Karakana ilinuka mbao mbichi na vanishi. Taratibu alikuwa amempa mgongo, kainama juu ya rafu ndefu ya mteja, anavuta brashi kwa mkono mmoja uliotulia, kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho, bila kuinua. Penseli ilikuwa sikioni, mahali pake pa siku zote. Vumbi la mbao lilikuwa limemkalia kwenye nywele, na Sindano, aliyekuja na hasira zake zimepangwa vizuri kichwani, alijikuta anatamani kulipangusa. Alijilaani kimoyomoyo. Mtu anakuja kugombana, macho yanakwenda kwenye nywele!

Taratibu aligeuka akamwona. Uso wote ukafunguka.

"Usiguse hilo benchi la mbele," akasema. "Juu limekauka, chini bado."

"Salamu gani hiyo? Mtu anakuja na roho yake mkononi, unamwambia usiguse?"

"Nisamehe. Karibu, mpenzi. Umekula?"

"Sikuja kula. Mwenye duka la dawa ndiye anayekuja kula. Jumapili, kwetu, na wazee wake."

Brashi ilisimama katikati ya ubao. Taratibu, ambaye hajawahi kusimamisha brashi katikati ya ubao maishani mwake, aliitazama kama si yake, kisha akaiweka kwenye kopo.

"Yule anayekuuliza kila siku kama una kikohozi?"

"Huyo huyo."

"Na mama amekubali?"

"Mama ndiye aliyemwalika." Sindano akamsogelea. Sasa alikuwa karibu kiasi cha kuona kovu dogo kwenye kidevu chake, na sauti yake ikashuka bila kutaka. "Nisikilize. Tuoane. Kesho asubuhi. Tunatafuta ofisa, tunatafuta mashahidi, tunaweka sahihi, tunarudi. Mama atakasirika, atanuna, mwisho atazoea."

"Hapana."

"Hapana?"

"Nilikaa kwenye kochi la mama yako nikamwomba binti yake. Akaniambia anakwenda kumuuliza Mungu. Leo nimpite yeye na Mungu wake, nikuchukue kwa mlango wa nyuma?" Akatikisa kichwa polepole. "Sikuomba kukuiba. Niliomba kupewa."

"Na kama hupewi?"

"Mimi nami nasali. Kila asubuhi kabla sijashika randa. Sijasikia hapana hata siku moja."

"Umesikia ndiyo?"

"Nimesikia subiri."

"Subiri!" Sindano alirusha mkoba juu ya rundo la mbao. "Subiri, subiri! Kama yule bibi wa kwenye Biblia aliyenyonyesha akiwa kikongwe! Mimi sitaki kuingia kanisani kwa mkongojo. Sitaki kushona gauni langu la harusi nimevaa miwani!"

Taratibu alijitahidi asicheke. Alikaza mdomo, akatazama dari, lakini mabega yalimsaliti. Naye Sindano, aliyekuwa amekasirika kweli kweli, alipomwona anahangaika vile kicheko kikampasuka, akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakatoka na kukataa kurudi.

"Jumapili nitawaambia nini?" akauliza akijifuta kwa kiganja. "Nitawaambia nina mtu? Mtu gani asiyekuja?"

Hilo lilimwingia Taratibu. Sindano aliona likimwingia.

"Unadhani mimi siogopi?" Taratibu alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, na mikono ile isiyotetemeka juu ya mbao ilikuwa inatafuta pa kushika. "Kila Jumapili namsubiri mama yako nje ya kanisa. Namwamkia. Nasema leo, leo ataniambia. Anaitika marahaba, anapita. Narudi hapa nafunga mlango na kumwambia Mungu, mimi nimekuamini, usiniache niaibike. Halafu kesho yake naamka, nakuona unafungua duka lako upande ule wa barabara, nasema mwenye kuniwekea mtu kama huyu machoni hawezi kuwa ananitania. Ndivyo ninavyoishi, mpenzi. Sina ujanja mwingine."

Alimtazama. Sindano naye akamtazama, na hasira zake zote alizozipanga zikatawanyika, akabaki na upendo mtupu na hofu ya Jumapili. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka kwenye zile nywele, kupangusa vumbi.

"Hodi!" ikalia mlangoni, na kabla mtu hajaitika, mwenye hodi alikuwa keshaingia.

Mama.

Alikuwa amevaa sare ya bluu ya umoja wa akina mama wa kanisa, mkoba wa mwenyekiti kwapani, kitambaa cha kichwa kimesimama wima. Alimtazama binti yake, akatazama mkono uliokuwa bado hewani, akatazama mabenchi.

"Shikamoo, Mama," Taratibu alisema, akirudi nyuma hatua moja.

"Marahaba. Nimekuja kukagua kazi ya kanisa. Na wewe," akamgeukia Sindano, "si uliniambia una bibi harusi wa kupima?"

"Nimeshampima, Mama. Wenzangu wanapimwa, wanaondoka."

Mama alijifanya hakusikia. "Mabenchi yanatoka lini hapa, kijana? Kesho kutwa yanawekwa wakfu."

"Yote tayari, Mama, ila hili la mbele. Nimelirudia vanishi jana. Naomba usi—"

"Hili?" Mama alinyoosha kidole na kukipitisha juu ya ubao, akakiinua kwenye mwanga. Kidole kilikuwa safi. "Hili si limekauka? Limekauka kau! Wewe kila kitu kwako ni bado. Bado, bado, bado, mpaka watu wanazeeka."

Kisha, ili mtu yeyote asibaki na shaka, akakaa.

Hakukaa kwa pembeni kama mgeni. Alikaa katikati, akajisogeza nyuma, akaegemea, akauweka mkoba mapajani.

"Mama, tafadhali, hapo—"

"Nyamaza, nazungumza. Nimeshaelewa huyu amekuja kukueleza nini, na bora mnisikie wote wawili. Nina binti mmoja tu. Nimemlea peke yangu, kwa mikono hii. Sikumlea ili akae dirishani anachungulia barabara—"

"Mama, samahani, vanishi—"

"Achana na vanishi! Mwanaume anayetaka mke anaonekana kwa miguu yake. Mwenye duka la dawa mwaka huu amekuja kwangu mara ngapi? Mpaka majirani wananiuliza kama naumwa. Sisemi nampenda. Nasema anakuja!"

Aliendelea hivyo kwa muda mzuri. Taratibu alifungua mdomo na kuufunga. Sindano, aliyezijua hotuba za mama yake kama mtu anavyojua njia ya kwao, alijua hazina kituo mpaka zifike mwisho. Hatimaye mama alisema, "Hayo ndiyo niliyokuwa nayo," akakamata mkoba, akainuka kwa hadhi. Na kwa hadhi hiyo hiyo akarudishwa chini.

Sindano na Taratibu wakatazamana.

Mama alijaribu tena. Gauni lilivutika, likatoa mlio wa nyuzi zinazolalamika. Alikaa upesi.

"Nini kimenishika?" akauliza kwa sauti ndogo ambayo umoja wa akina mama haujawahi kuisikia.

"Vanishi, Mama," Taratibu alisema kwa huzuni. "Juu inakauka mapema. Chini inakuwa laini bado, na mtu akikaa na joto lake..."

"Kwa nini hukuniambia?"

Sindano alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Alijikaza, akaja kupiga magoti nyuma ya benchi, akachungulia kitambaa kwa jicho la kazi.

"Usivute, Mama. Nililishona mwenyewe, najua lilivyo jepesi. Ukivuta litabaki lote hapa nawe utakwenda na mkoba."

"Basi nitoeni!"

"Livue tu. Nitakuletea kanga."

"Nivue gauni? Karakana? Mimi mwenyekiti?"

"Kuna tapentaini, Mama," Taratibu akasema. "Nitapaka pembeni pembeni kwa brashi ndogo, iingie yenyewe chini ya kitambaa. Italegea bila kuchanika. Ila haitaki haraka. Itabidi tu—" Akasita.

"Sema. Malizia."

"Tusubiri kidogo."

Mama alifumba macho.

*

Kopo la tapentaini lilikuwa kwenye kona ya ndani, nyuma ya kitu kikubwa kilichofunikwa turubai. Taratibu alilivuta turubai pembeni apate kupita, akarudi, akapiga magoti, akaanza kazi yake. Brashi ilikwenda inchi kwa inchi kando ya pindo la nyuma. Sindano alishika kitambaa kwa ncha za vidole. Mama hakuwa na pa kwenda wala wa kumhutubia, na mtu wa namna hiyo macho yake huanza kutembea.

"Ile meza ya nani?" akauliza baada ya muda.

Sindano aligeuka. Meza ilikuwa imesimama pale turubai lilipotoka, pana, nyeupe ya mbao safi, kingo zake zimelainishwa zisikwaruze kitambaa. Ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko meza ya kawaida. Upande mmoja ulikuwa na droo nyembamba zilizogawanywa vyumba vidogo vidogo, na upande wa mbele sentimita zilikuwa zimechongwa kwenye mbao yenyewe, mstari kwa mstari.

Ilikuwa meza ya kukatia nguo. Ya mtu anayekata amesimama. Ya mtu ambaye kila jioni hunyoosha mgongo na kusema, huu mgongo utaniua. Sindano aliyajua maneno hayo; yalikuwa yake.

"Ya fundi cherehani, Mama," Taratibu alijibu bila kuinua kichwa. Masikio yalikuwa yamemuwaka.

"Umeitengeneza lini?"

"Kidogo kidogo. Nikimaliza kazi za watu. Niliianza wiki ile uliyotuambia unasali."

"Na nani alikuambia nitasema ndiyo?"

"Hakuna." Alichovya brashi, akaipangusa kwenye mdomo wa kopo. "Nilijisemea, nikikaa mikono mitupu nitarukwa na akili. Na hata jibu likiwa hapana, mgongo wake utakuwa unauma vile vile. Ningempelekea tu."

Sindano aliinamisha uso kwenye kitambaa cha bluu asionekane. Angeulizwa siku ile upendo ni nini, angenyoosha kidole kwenye kona ile ya karakana.

Mama naye aliitazama meza. Kisha akamtazama yule mwanaume aliyepiga magoti nyuma yake, na alipozungumza, ukali ulikuwa umebaki kidogo tu, wa kujikinga.

"Kwa nini hukurudi?"

"Kurudi wapi, Mama?"

"Kwangu! Mwaka mzima! Kijana anayetaka binti wa mtu anarudi. Anagonga. Anaulizia. Anasumbua! Mimi nilikaa pale nikingoja mlango ugongwe, haukugongwa. Nikasema, haya, na huyu naye kumbe maneno tu."

Taratibu aliacha brashi. Alikuwa amechanganyikiwa kweli.

"Lakini Mama, ulisema unasali. Mtu akiwa anaongea na Mungu, nije kumgongea mlango nimwambie afanye haraka?"

Hapa lazima mtu aelezwe mambo ya kanisa lao. Ukimwomba mtu wa pale aongoze kwaya, atasema nitasali kwanza. Ukimwomba awapokee wageni wa mkutano, nitasali kwanza. Kila muumini, mpaka mchungaji mwenyewe, alijua maana yake: nibembeleze kidogo, au niache taratibu nisikuvunje moyo. Katika ushirika mzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyeyachukua maneno hayo kama yalivyosemwa, na mtu huyo alikuwa amepiga magoti na brashi ya tapentaini mkononi.

Sindano alianza kuelewa. Alizunguka benchi taratibu, akaja mbele, akachuchumaa mbele ya mama yake ili macho yakutane.

"Mama," akasema. "Ulisali?"

Mama alichezea kifungo cha mkoba.

"Mama."

"Sijasali."

"Hata mara moja?"

"Usinikazie macho hivyo, mimi mama yako." Lakini akaachia kile kifungo. "Niliogopa. Baba yako aliniambia nisubiri, wewe ukiwa tumboni. Anakwenda kutafuta kazi, nisubiri, ananiita. Nilisubiri mpaka nilipopata habari kwamba ana mke na watoto kule kule. Tangu siku hiyo mwanaume akinyamaza, mimi najua ameshakwenda zake. Na neno lenyewe la kusubiri sikulipenda tena, hata likisemwa madhabahuni. Kila nikipiga magoti usiku niombe habari yako, nawaza, Mungu akisema ndiyo, namkabidhi mwanangu kwa mwingine wa kumwambia nisubiri. Akisema hapana, nitamwona analia. Basi naombea wagonjwa, naombea wasafiri, nalala." Akavuta pumzi. "Mimi! Ninayewafundisha wenzangu kungojea majibu. Hata swali sikuthubutu kuuliza."

Sindano alimshika mikono. Ilikuwa migumu kwa kazi za miaka yote ile, na kwa mara ya kwanza alimwona mama yake kama msichana aliyewahi kukaa dirishani.

"Huyu hakwenda popote, Mama," akasema kwa upole. "Alikuwa hapa hapa, nyuma ya kanisa. Unamsikia akipiga randa wakati wa mazoezi ya kwaya mpaka unamlalamikia."

Mama alicheka kidogo katikati ya machozi. "Ana kelele, huyu."

"Basi, Mama," Taratibu alisema kutoka nyuma, kwa adabu, "kama hujasali, tusali sasa. Dawa bado haijaingia vizuri. Muda upo."

"Na huendi popote," Sindano akaongeza.

Mama alimpiga kofi dogo la bega. Kisha akakitengeneza kitambaa chake cha kichwa, akakunja mikono juu ya mkoba, akafumba macho. Kanisani maombi yake yalikuwa marefu, yenye maneno makubwa. Ya leo yalikuwa ya mtu aliyechoka kuficha.

"Baba," akasema, "ni mimi. Nimechelewa. Nilimwambia kijana huyu nakuja kwako, sikuja, naye akakaa ananingoja kwa imani iliyopaswa kuwa yangu. Nisamehe. Sasa nimekuja, nawe unaona mwenyewe nilivyokaa. Nilimwamini mtu akaniacha, na aibu ile nikakubebesha wewe. Lakini wewe hukuniacha. Tulikula. Mtoto alisoma. Alikua. Nakuuliza habari yake. Nami nitakaa kimya, sitakujibia."

Akanyamaza.

Sindano hakuwahi kusikia kimya kama kile. Jua la alasiri lilipita dirishani likalala juu ya maranda sakafuni. Mahali fulani barabarani mtu alikuwa anapiga honi. Taratibu alikuwa amefumba macho palepale magotini, brashi kifuani, na Sindano, aliyekuja pale kumaliza subira yake, alijikuta anangoja pamoja nao bila kuona uzito wowote. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana walikuwa wanangoja watatu. Hofu ya Jumapili ilimtoka mwilini kidogo kidogo, na mahali pake pakaingia utulivu ambao hakuutengeneza yeye.

Mama alikaa vile kwa muda. Uso wake ulilegea. Aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa jambo akalikubali.

"Amina," akasema. Akafumbua macho. "Jibu ni ndiyo. Haya, nibandueni."

Vigelegele alivyopiga Sindano viliwatoa njiwa kwenye paa la kanisa. Alimkumbatia mama kwa nguvu, gauni likachomoka lenyewe pale lilipokuwa limelegea, mama akasimama ghafla akayumba, na Taratibu akamdaka. Walibaki hivyo, watatu, wananuka tapentaini, wanacheka na kulia bila mpangilio. Nyuma ya gauni palikuwa na doa kubwa, na kwenye benchi alama iliyosimulia yote.

"Nimekuharibia kazi, mwanangu," mama alisema. Mpaka leo alikuwa akimwita kijana.

"Nitapiga msasa, Mama, nirudie. Ila halitawahi Jumapili."

"Lisiwahi. Hilo la mbele ni la akina mama. Watasimama, na mimi nitasimama nao niwaeleze kwa nini. Na yule mwenye duka la dawa nitakwenda kwake mwenyewe jioni hii nimwombe radhi, kabla hajawasumbua wazee wake." Alijifuta macho, na uenyekiti ukaanza kumrudia. "Sasa hii harusi tuipange kwa utulivu. Mambo mazuri hayatakiwi papara. Tuunde kamati. Mimi naona mwakani, katikati ya mwaka—"

"Jumamosi ijayo," Taratibu alisema.

Mama na binti waligeuka pamoja.

"Jumamosi gani?"

"Ijayo, Mama. Mchungaji yupo Jumamosi zote, nilishamuuliza."

"Wewe?" Mama alishika kiuno kwa mshangao. "Wewe ambaye mji mzima unakuita Taratibu? Uliyekaa mwaka mzima hukugonga hata mlango? Leo wiki moja inakushinda?"

Taratibu alimtazama Sindano, naye Sindano aliona machoni mwake shauku yote ya mwaka ule, yote, ambayo alikuwa ameitunza bila kupunguza hata tone.

"Nilikuwa nasubiri jibu, Mama," akasema. "Jibu limeshakuja. Sasa nasubiri nini tena?"

Mama akauchukua mkono wa binti yake, akauweka ndani ya ule mkono mpana wenye vanishi, akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Basi iwe Jumamosi," akasema.